Filamu zimetoka sokoni zikaingia kwenye simu: makanisa ya pwani ya Tanganyika yaseme nini?

Mpala, kati ya Kalemie na Moba, hakuna chumba cha sinema. Filamu hufika kwa boti, pamoja na sabuni, chumvi, batri na vitenge, ikiwa ndani ya kadi memori ndogo kuliko ukucha. Kijana aliyekwenda Kalemie kuuza ndagala anarudi nayo. Siku chache baadaye imekwisha kupita katika simu nyingi, na watoto wanawajua waigizaji wake kwa majina.

Miaka kumi na tano iliyopita safari ilikuwa hiyo hiyo, ila mzigo ulikuwa tofauti. CD zilitoka Dar es Salaam, zikapanda treni hadi Kigoma, zikavuka ziwa hadi Kalemie, kisha zikashuka vijijini. Mwenye jenereta na televisheni alipanga mabenchi, akatoza kiingilio kidogo, na watu walitazama pamoja: papa, mama, vijana, na watoto waliochungulia dirishani. Sasa jenereta haihitajiki. Paneli ndogo juu ya nyumba inatosha kuchajisha simu, na kila mtu anatazama peke yake.

Wengi wetu tunaliona jambo hili kama maendeleo tu ya vyombo. Lakini nyuma yake kuna mtikisiko mkubwa ulioipata kazi ya filamu na televisheni duniani kote, nao umegusa mambo matatu ambayo Kanisa haliwezi kuyanyamazia: mshahara wa mtenda kazi, mafundisho ya watoto wetu, na usalama wa wale wanaoitwa wachawi.

Mtikisiko ulianza mbali

Kampuni ya Netflix ya Marekani ilianza kwa kukodisha filamu kwa njia ya posta. Mwaka 2007 ilianza kuzipeleka kwa intaneti. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2010, kampuni ya Blockbuster iliyokuwa na maduka ya kukodisha kanda katika miji mingi ya Marekani ilifilisika. Januari 2016 Netflix ilifungua milango katika nchi zaidi ya 130 kwa siku moja, Kongo yetu ikiwemo. Mwisho wa mwaka 2024 ilikuwa na wanachama wanaolipa zaidi ya milioni 300. Kampuni kubwa za zamani za filamu na televisheni zikakimbilia njia hiyo hiyo, zikatumia mabilioni, na nyingine zikapata hasara kubwa.

Waliobeba uzito wa mabadiliko hayo ni watenda kazi. Tarehe 2 Mei 2023 waandishi wa filamu wa Marekani waligoma. Mgomo wao ulidumu siku 148. Waigizaji walijiunga nao tarehe 14 Julai, nao wakakaa nje ya kazi siku 118. Neno lao kubwa lilikuwa rahisi kulielewa. Zamani kila mara televisheni iliporudia kuonyesha kipindi, aliyekitunga na aliyekiigiza walipata malipo kidogo tena. Kwenye intaneti filamu hukaa rafuni miaka na miaka, watu huitazama usiku na mchana, lakini malipo ya kurudia yalikuwa yamepungua sana, na kampuni hazikutaka kusema ni watu wangapi wametazama. Pia waliogopa kwamba kompyuta zenye akili bandia zitachukua sura na maneno yao bila kuwalipa.

Afrika nayo ilipigwa na upepo huo. Mwaka 2023 Netflix ilitangaza kwamba tangu 2016 imetumia dola milioni 175 katika kazi za filamu barani. Amazon nayo ilikuja na pesa zake, hasa Nigeria na Afrika Kusini. Lakini Januari 2024 Amazon ilitangaza kwamba haitaagiza tena filamu mpya za Kiafrika. Watayarishaji waliokuwa wameandaa kazi kwa matumaini hayo wakabaki mikono mitupu.

Televisheni ya kulipia kwa dishi nayo imetikisika. MultiChoice ya Afrika Kusini, wenye DStv, ilipoteza wateja milioni 1.2 katika mwaka mmoja uliokwisha Machi 2025. Septemba 2025 ikanunuliwa na Canal+ ya Ufaransa. Kampuni hizo mbili pamoja zina wateja zaidi ya milioni 40 katika nchi karibu 70. Kwa hiyo madishi mengi unayoyaona juu ya mabati ya Kalemie, Uvira au Lubumbashi sasa yana mwenyeji mmoja, na maamuzi juu ya chaneli ipi iendelee na ipi ifungwe yanakatwa mbali sana na pwani yetu.

Waliotuigizia kwa Kiswahili

Kwetu sisi jambo hili lina sura za watu tunaowafahamu. Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na umri wa miaka 28, msiba wake haukuwa wa Tanzania tu. Upande huu wa ziwa pia watu walilia. Walimjua kwa sababu CD zake zilifika hata mahali ambapo gazeti halikufika, na kwa sababu alisema lugha ambayo bibi wa kijijini aliielewa bila mkalimani.

Biashara ile ilikwenda hivi. Mtayarishaji alitengeneza filamu kwa pesa kidogo na kwa haraka. Aliiuza kwa msambazaji wa Dar es Salaam kwa bei ya mara moja. Msambazaji alichapisha CD zenye jalada la rangi, akazipeleka mikoani, na wafanyabiashara wakazivusha mipaka. Wanakili walikuwapo tangu mwanzo, na mara nyingi CD ya bandia ilifika sokoni karibu pamoja na ile ya kweli. Lakini angalau sehemu ya franka au shilingi ya mnunuzi ilirudi kwa aliyefanya kazi.

Serikali ya Tanzania ilijaribu kuweka stempu za kodi kwenye CD mwaka 2013. Mwaka 2017 waigizaji wenyewe walikwenda Kariakoo kupinga filamu za nje zilizouzwa bila stempu kwa bei ya chini, kwa kuwa zilikuwa zinaua soko lao. Lakini adui wa kweli hakuwa tena mwenye meza ya CD. Simu ilikuwa imekwisha kuingia. Mtu akishaweza kupata filamu ishirini katika kadi moja, hana haja ya jalada la rangi.

Mfano wa mzee King Majuto unatufundisha. Amri Athumani, kwa jina lake la kuzaliwa, aliwachekesha watu wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi, na sura yake ilitumika katika matangazo mengi. Alipougua mwaka 2018, ndipo umma uliposikia habari za mikataba isiyomfaa mwenye kipaji. Waziri Harrison Mwakyembe aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Mzee alifariki tarehe 8 Agosti mwaka huo. Mtu anaweza kuwa katika kila simu ya pwani ya Tanganyika, na bado akakosa pesa ya dawa.

Baadhi ya wasanii wa Tanzania walipata njia nyingine. Azam, iliyoanza televisheni yake mwaka 2013, ilifungua chaneli ya Sinema Zetu, na chaneli ya Maisha Magic Bongo ya DStv ikaagiza tamthilia ndefu za Kiswahili. Wengine walihamia YouTube, ambako malipo hutokana na matangazo. Hapo kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui: mtazamaji wa Kongo hamletei msanii kiasi kile kile anacholeta mtazamaji wa Marekani au Ulaya, kwa sababu wenye kutangaza biashara wanalipa kulingana na mfuko wa mtazamaji. Hivyo kijana anayeigiza maisha ya Moba kwa ajili ya watu wa Moba atapata kidogo kuliko yule anayeigiza kitu cha kuwavutia watu wa mbali. Pole pole, bila amri ya mtu, hadithi zetu zinasukumwa pembeni.

Tulikuwa nazo. Wazee wa Katanga wanakumbuka kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, lililoigiza redioni na kwenye televisheni kwa Kiswahili cha kwetu, kile cha migodini na sokoni, bila kuona haya. Mwaka 1986 liliigiza mchezo mzima juu ya methali ya mamlaka yanayoliwa yote, bila kugawanywa, na hilo lilikuwa wakati wa Mobutu. Watu walicheka na walielewa. Leo kijana wa Kalemie anajua mitaa ya Lagos na Seoul kutokana na filamu, lakini ni mara chache sana anaona mtaa wake mwenyewe.

Anayechagua ni nani?

Katika chumba cha video mtu mmoja alichagua filamu kwa ajili ya wote. Hakuwa mtakatifu, na makanisa yetu yalimpiga vita kwa haki mara nyingi. Lakini alikuwa na uso na jina. Mzee wa kanisa aliweza kumwendea na kumwambia: hiyo usiwaonyeshe watoto. Mama aliweza kumtoa mwanawe kwenye benchi.

Leo anayechagua ni hesabu ya kompyuta. Ukitazama dakika mbili za ugomvi, inakuletea ugomvi mwingine. Ukitazama uchi, inakuletea uchi zaidi. Haichukii Injili wala haiipendi. Inatafuta tu kitu kitakachokushikilia. Na hata mahali ambapo mtandao ni dhaifu na mega ni ghali, hesabu hiyo inafika kwa mlango wa nyuma: kijana anayejaza kadi memori mjini anachagua vile vilivyopata watazamaji wengi mtandaoni, kisha anavileta kijijini.

Jambo hili litaongezeka haraka. Mei 2025 serikali ya Kongo ilitoa kibali kwa Starlink, intaneti ya setilaiti, baada ya kuipiga marufuku mwaka 2024. Maana yake, hata kijiji kisicho na mnara wa simu kinaweza kupata mtandao wenye nguvu ikiwa kuna mtu wa kununua dishi na kulipa kila mwezi. Wafanyabiashara wataleta. Misheni na parokia nyingine pia zitaleta. Tusingoje dishi lifike ndipo tuanze kufikiri.

Hapa lazima tuseme neno gumu juu yetu wenyewe, sisi Waprotestanti. Filamu nyingi za kikristo tunazozipenda zimejengwa juu ya hadithi moja: familia inateseka, mchawi amejificha nyumbani, mchungaji anakuja, mchawi anafichuliwa. Mtafiti Katrien Pype, katika kitabu chake cha 2012, alionyesha jinsi tamthilia za namna hiyo zilivyotengenezwa Kinshasa na kundi la waigizaji waliojiona kuwa wainjilisti, wakifunga na kuomba kabla ya kuigiza. Wengi wao walikuwa na nia safi. Hatusemi kwamba nguvu za giza si kitu, kwa maana Maandiko hayasemi hivyo. Lakini mtoto yatima anayekojoa kitandani, au bibi mjane mwenye macho mekundu kwa moshi wa kukausha samaki, si mhusika wa filamu. Ukoo ulioona hadithi hiyo mara thelathini katika simu unakuwa tayari kumwonyesha kidole siku ambayo mtoto mwingine amekufa kwa malaria.

Sheria ya nchi iko wazi. Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu kumshitaki mtoto kuwa mchawi. Mchungaji anayefanya hivyo, au anayeruhusu kufanyika katika chumba cha maombi, anavunja sheria, hata kama amejifunza namna hiyo kwenye filamu yenye jina la Yesu.

Kuna Wakongo wanaoieleza habari hii kwa njia nyingine. Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alitengeneza filamu ya *Augure*, yenye watu wanaohesabiwa kuwa wachawi na jamii yao, na mwaka 2023 ikapata tuzo huko Cannes, Ufaransa. Si filamu ya kanisa, na si kila kitu ndani yake kitampendeza mshirika wetu. Lakini inamfanya mtazamaji akae upande wa anayeshitakiwa. Hizo ndizo filamu ambazo kadi memori haziletei Mpala, kwa sababu hazina ugomvi wa kutosha kushika macho.

Je, kunakili ni wizi?

Swali hili vijana wanatuuliza, nasi tunalikwepa, kwa sababu sisi wenyewe tunanakili. Kwaya zetu zinaimba nyimbo za kwaya za Dar es Salaam na Kigali bila kuomba ruhusa. Idara zetu za vijana zinaonyesha filamu za Mount Zion ya Nigeria, huduma iliyoanzishwa na Mike Bamiloye mwaka 1985, bila kuuliza zimetoka wapi. Projekta ya parokia inaonyesha kile kilichopatikana.

Tuanze na ukweli: amri ya nane haina kifungu cha kuwatoa wanakili. Yakobo, katika sura ya tano ya barua yake, anasema juu ya mshahara uliozuiliwa, kwamba unalia mbele za Mungu. Paulo anamwandikia Timotheo kwamba mtenda kazi anastahili malipo yake. Aliyekesha usiku akishika kamera, aliyeandika maneno, aliyepika chakula cha waigizaji, wote ni watenda kazi. Tukila kazi yao bila kulipa, na tunaweza kulipa, tumezuia mshahara.

Lakini ukweli una upande wa pili, na si haki kuuficha. Mtu wa Mpala anayetaka kulipa, amlipe nani? Majukwaa makubwa yanataka kadi ya benki, naye hana benki karibu. Yanataka mtandao wa nguvu kila siku, naye anapata mtandao akipanda mlima. Yanataka malipo ya kila mwezi, naye kipato chake kinafuata mwezi na samaki. Duka la CD limekufa. Hakuna anayemwuzia kwa njia anayoiweza. Kumwita mtu huyo mwizi, huku tukinyamaza juu ya kampuni zilizofunga mlango wa halali, ni hukumu ya upande mmoja.

Sheria ya Musa ina jambo la kutusaidia hapa. Katika Walawi sura ya 19 mwenye shamba anakatazwa kuvuna hadi pembeni kabisa. Pembe za shamba na masazo ni ya maskini na mgeni. Ruthu aliishi kwa masazo hayo. Haikuwa ruhusa ya maskini kuvunja ghala, na haikuwa ruhusa ya mwenye shamba kuvuna yote. Biashara ya zamani ya CD, pamoja na uovu wake, iliacha masazo pande zote mbili: msanii alipata kidogo, na kijiji kilipata kidogo. Biashara ya sasa inavuna hadi pembeni. Msanii hapati cha kurudia, na maskini hapati mlango wa kuingilia isipokuwa dirisha la wizi. Kanisa lina haki ya kuyasema yote mawili kwa pamoja: kijana, usiibe ukiweza kununua, na ninyi wenye majukwaa, fungueni mlango wa bei ndogo, unaolipwa kwa M-Pesa au Airtel Money, na filamu inayoweza kuhifadhiwa kwenye simu bila mtandao.

Si jambo geni kwetu

Wako wanaosema filamu si kazi ya Kanisa. Historia yetu inasema vingine. Ziwa hili limebeba habari za kila namna. Wamisionari wa London walipofika mwambao huu wa magharibi, Mtowa mwaka 1879 na baadaye kisiwa cha Kavala, walijenga meli wakaiita *Good News*, yaani Habari Njema. Mpala yenyewe ilianzishwa mwaka 1883 na Mbelgiji Émile Storms, kisha mwaka 1885 ikakabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Tangu hapo hakuna aliyekuja hapa bila hadithi ya kusimulia.

Na filamu ilipofika Afrika Mashariki, mmoja wa wa kwanza kuijaribu kwa bidii alikuwa Mprotestanti. Baraza la Kimataifa la Misheni lilimtuma J. Merle Davis kuchunguza jinsi migodi ya shaba ilivyokuwa inavunja maisha ya vijiji. Kutokana na uchunguzi huo ulizaliwa mradi wa filamu uliowekwa Vugiri, katika milima ya Tanga, kuanzia 1935 hadi 1937. Zilitengenezwa filamu 35 hivi, juu ya minyoo, akiba ya pesa, kilimo na mengine, waigizaji wakiwa watu wa mahali pale, na lori likazunguka na projekta kuzionyesha. Mradi ulikuwa na kasoro kubwa: wazungu ndio walioamua Mwafrika anahitaji kujifunza nini. Lakini walilielewa jambo moja ambalo sisi tumelisahau. Waliona kwamba sinema itakuja tu, na kwamba mtu akiacha kuitengeneza kwa ajili ya wema, itakuja ikiwa imetengenezwa kwa ajili ya faida peke yake.

Miaka ya 1950 mapadri Wakatoliki wa Kasai walitengeneza vichekesho vya Matamata na Pilipili, na watu wakavipenda. Filamu ya *Jesus* ya 1979, iliyotafsiriwa katika lugha zaidi ya 2,000, Kiswahili kikiwemo, imeonyeshwa kwa shuka jeupe katika vijiji vingi vyetu. Njia tunaijua. Tumelala tu.

Makanisa yanaweza kufanya nini

Hatuandiki haya ili kila parokia inunue kamera. Vita, mafuriko ya ziwa na wageni waliokimbia Kivu vimekwisha kulemea makanisa mengi. Lakini yapo mambo ambayo hata kanisa la mabati na mabenchi ya udongo linaweza kuyaanza.

La kwanza, tulipe tunapoweza. Kwaya ya kwetu ikitoa video, iandike namba yake ya kupokea pesa mwanzoni na mwishoni, na mchungaji atangaze kwamba anayeipokea kwa kadi memori atume chochote alicho nacho. Franka 500 za watu mia si pesa ndogo kwa kwaya ya Mpala. Hayo ni masazo yanayorudi kwa mwenye shamba.

La pili, turudishe kutazama pamoja. Mara moja kwa mwezi, vijana watazame filamu moja kanisani au chini ya mwembe, kisha wazungumze: nani ameumizwa katika hadithi hii? Nani amepewa haki ya kusema, na nani amenyamazishwa? Paulo aliwaagiza Wathesalonike kupima yote na kushika lililo jema. Hakuna anayeweza kupima akiwa peke yake chini ya blanketi usiku wa manane.

La tatu, tusionyeshe katika nyumba ya Mungu filamu yoyote inayomfanya mtoto au bibi kuwa mchawi, hata ikiwa mwisho wake kuna maombi. Na mchungaji akisikia kwamba mtoto ameshitakiwa nyumbani, aende siku hiyo hiyo, akae upande wa mtoto.

La nne, wazazi waongee na vijana wanaojaza kadi memori. Hao ndio wenye chumba cha video wa leo. Wengi wao ni watoto wa kanisa. Hawana ubaya, wanatafuta pesa ya sabuni. Mzee mmoja mwenye heshima akimwendea kijana huyo kwa upole na kumwomba afute filamu za uchi, na kumpa kadi yenye mafundisho, nyimbo na hadithi nzuri za Kiswahili, atakuwa amefanya kazi ambayo mahubiri kumi hayataiweza.

La tano, viongozi wa jumuiya zetu ndani ya ECC waamue mapema juu ya Starlink. Parokia itakayopata dishi itakuwa kisima cha kijiji kizima. Nani atachota, saa ngapi, kwa bei gani, na ni nini hakitapita? Ni afadhali kuandika hayo katika kikao kuliko kuyagombania baadaye.

La mwisho, tuwaache vijana wetu wasimulie. Goma ina Yole!Africa ya Petna Ndaliko Katondolo, iliyowafundisha vijana wengi kushika kamera katika mji uliozoea kupigwa picha na wageni. Kalemie pia ina vijana, na Moba, na Mpala. Simu ile ile inayowapotezea usiku inaweza kurekodi mama akieleza jinsi vijiji vya Bambote na Baluba vilivyorudi kula pamoja, au mvuvi akieleza jinsi maji yalivyokula nyumba yake. Hadithi hizo hazitavuta mamilioni ya watazamaji, na hazitamletea mtu pesa ya matangazo. Lakini mtoto wa Mpala ataona kwamba kijiji chake nacho kinastahili kutazamwa, naye Bwana aliyemwona Hajiri jangwani hatashangaa kwamba kuna mtu wa kumwona huko pia.